Mtoto Kwanza, Pipa Baadaye

Leo tuzungumze juu ya uji wa mtoto. Kama wewe ni mwanamume, usigeuze ukurasa. Habari hii inakuhusu wewe pia, hasa kama nyumbani kwako huanikwa kimea cha pombe.

Maoni yangu nayasema mwanzoni ili tusipoteane njiani. Nasema hivi: kila nyumba inayoloweka ulezi wa pombe, na iloweke kwanza ulezi kidogo wa uji wa mtoto. Mtoto kwanza, pipa baadaye. Sababu zangu nitazieleza moja moja. Wewe zipime, kisha uamue.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Mimi ni mganga msaidizi. Nafanya kazi katika zahanati ya kijijini mkoani Rukwa. Mkoa wetu una mahindi, una ulezi, una maharage. Ziwa Tanganyika linatupa dagaa na migebuka. Mtu akitoka mbali akaona maghala yetu, atasema hapa hakuna njaa.

Lakini siku ya kliniki naona jambo jingine. Namweka mtoto wa miaka 2 kwenye ubao wa kupimia urefu. Kipimo kinaonyesha urefu wa mtoto wa mwaka 1 na miezi michache. Mama anashangaa. Anasema, "Mbona anakula kila siku?"

Utafiti wa afya uliofanywa nchini kote mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Katika mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa hali ilikuwa mbaya zaidi. Huko karibu nusu ya watoto, au hata zaidi ya nusu, walikuwa wamedumaa. Mikoa hiyo ndiyo inayolisha miji. Magari ya mahindi yanatoka kwetu kila mwaka, na watoto wanaobaki nyuma ya magari hayo ni wafupi kuliko umri wao.

Kudumaa si ufupi wa ukoo. Mtoto hudumaa kwa kukosa chakula cha kutosha na chenye ubora kwa muda mrefu, na kwa kuugua mara kwa mara. Akili yake nayo huchelewa kukua. Akifika shule, kusoma kunamwia vigumu. Madhara mengi huanza tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka 2. Muda huo ukipita bila lishe nzuri, ni vigumu sana kuurudisha.

Basi tujiulize. Kama chakula kipo ghalani, kinapotelea wapi kabla ya kufika kwa mtoto? Sababu ziko kadhaa. Mama mjamzito kula vibaya ni sababu moja. Maji machafu na kuhara ni sababu nyingine. Leo nachukua moja tu, kwa kuwa inaweza kuondolewa jikoni, bila kungoja mtu yeyote kutoka mjini. Sababu hiyo ni uji mwembamba.

Tumbo la mtoto ni dogo

Chukua kikombe cha chai cha robo lita. Tumbo la mtoto wa miezi 8 au 9 hujaa kwa kiasi kama hicho tu. Ukilazimisha zaidi, atatapika.

Sasa tazama kilichomo ndani ya kikombe. Uji mwembamba, unaotiririka kama maji, una unga kama kijiko 1 cha kulia, au zaidi kidogo. Kilichobaki ni maji. Uji mzito, ule unaodondoka kijikoni kwa mabonge, una unga vijiko 4 mpaka 5. Maana yake, mtoto anayepewa uji mwembamba angehitaji kunywa vikombe 4 ili apate kile kilichomo katika kikombe 1 cha uji mzito. Vikombe 4 haviingii. Tumbo linajaa maji, mtoto ananyamaza, mama anadhani ameshiba.

Mtoto huyo hakushiba. Amejaa tu.

Utasema, "Basi tumpe uji mzito." Hapo ndipo akina mama wengi hunijibu kwa haki kabisa: "Mganga, mzito anautema." Ni kweli. Mtoto mdogo hawezi kumeza uji mzito kama ugali. Ulimi wake hauna nguvu, meno hana au anayo machache. Uji mwembamba unamezeka lakini haulishi. Uji mzito unalisha lakini haumezeki. Mama amekwama katikati.

Dawa iko juu ya mkeka

Mwaka huu nilikwenda kumtazama mgonjwa nyumbani kwake. Uani kulikuwa na mikeka mitatu ya kimea cha ulezi, kimekauka vizuri, kinangoja kusagwa kwa pombe. Pembeni ya mikeka alikaa mama na mtoto wa miezi 11. Mtoto anakunywa uji. Niliinua kijiko, uji ukatiririka wote.

Nilimwomba mama apike uji mzito katika sufuria ndogo. Bibi wa nyumba, ambaye ndiye mpika pombe, nilimwomba konzi moja ya kimea kutoka kwenye mkeka. Alikipepeta, akakisaga kwenye jiwe. Uji ulipoiva tukauepua, tukaungoja upoe kiasi. Kisha tukatia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, tukakoroga. Watu waliokuwapo walisogea. Uji ule mzito ulianza kulegea, ukalainika, mwisho ukawa unamiminika kutoka kwenye kijiko. Hatukuongeza hata tone la maji.

Bibi alicheka. Akasema, "Hilo nalijua tangu utotoni. Pombe inalegea vivyo hivyo. Ila sikufikiri ni la mtoto."

Ndugu msomaji, maneno ya bibi yule ndiyo kiini cha makala hii. Ujuzi tunao. Tumeurithi kwa mama zetu. Tumeupeleka kwenye pipa tu.

Kwa nini kimea hulegeza uji

Jina lenyewe linatufundisha. Kimea ni kitu kilichomea. Punje ya ulezi ina chakula cha kulisha mche mchanga. Chakula hicho ni wanga. Punje inapoota, hutoa kitu cha kuvunjavunja wanga uwe laini na mtamu, ili mche uweze kuutumia. Wataalamu hukiita kitu hicho kimeng'enya. Ukitia unga wa kimea katika uji mzito wa vuguvugu, kimeng'enya hufanya kazi ileile. Huvunja wanga wa uji. Uji unakuwa mwepesi na mtamu kidogo, lakini unga wake wote umo ndani.

Wapishi wa togwa wanalijua jambo hili vizuri. Wataalamu wa lishe wa nchi yetu nao waliupima uji wa kimea katika miaka ya 1980, wakaona kwamba unamfaa mtoto. Kwa hiyo maneno haya si mapya wala hayakutoka ng'ambo.

Kutengeneza kimea cha mtoto

Nashauri kutumia ulezi. Ulezi una madini ya chokaa mengi kuliko mahindi, na madini hayo hujenga mifupa. Mtama pia hutoa kimea, lakini vichipukizi vya mtama vina sumu, na ni lazima viondolewe vyote. Kwa mtoto, ulezi ni salama zaidi.

Fanya hivi:

1. Chagua ulezi safi, vikombe 3. Ondoa mawe na punje mbovu. Osha vizuri.
2. Loweka katika maji safi usiku kucha, katika chombo chake peke yake. Usitumie chombo cha pombe.
3. Asubuhi mwaga maji. Tandaza ulezi juu ya kitambaa safi kilicholowa. Funika. Nyunyizia maji safi asubuhi na jioni.
4. Baada ya siku 2 hivi utaona vichipukizi vidogo. Ukiona ukungu au ukisikia harufu mbaya, tupa wote. Usimpe mtoto, wala usiutie kwenye pombe.
5. Anika juani juu ya mkeka safi mpaka ukauke kabisa.
6. Sugua kwa mikono ili vichipukizi na mizizi vitoke. Pepeta.
7. Saga. Weka unga katika kopo kavu lenye kifuniko.

Tengeneza upya kila mwezi. Unga uliokaa muda mrefu au ulioingiwa na unyevu haufai.

Juu ya ukungu nataka usikie vizuri. Baadhi ya ukungu huleta sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Sumukuvu haiishi kwa kuchemshwa. Mahindi, karanga na kimea vyote hapana budi vikaushwe vizuri na kutunzwa pakavu.

Kupika uji

Chemsha maji kikombe 1. Tia unga vijiko 4 vya kulia uliokorogwa kwanza kwa maji baridi kidogo. Koroga mpaka uji uive na uwe mzito. Epua. Ngoja upoe mpaka uwe wa vuguvugu, kiasi cha kuweza kuuonja bila kuungua. Tia kijiko 1 cha chai cha unga wa kimea. Koroga. Ngoja dakika 10. Uji utalegea.

Kisha urudishe motoni, uchemke kidogo huku unakoroga. Hatua hii usiiruke. Unga wa kimea ni mbichi, na unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Moto huviua.

Wengine wataniuliza, "Kwa nini tusitie kimea tangu mwanzo, uji ukiwa unachemka?" Kwa sababu moto mkali huua nguvu ya kimea. Ukikitia katika uji unaochemka, hakitalegeza kitu. Acha kwanza kifanye kazi yake katika uvuguvugu. Kikimaliza, chemsha.

Mpe mtoto uji siku hiyohiyo, kwa kikombe na kijiko vilivyo safi. Nawa mikono kwa sabuni, na mikono ya mtoto pia. Uji usilale.

Kimea peke yake hakitoshi

Sitaki nikudanganye. Kimea hakina miujiza. Kazi yake ni kuufanya uji mzito umezeke. Mtoto anahitaji pia chakula cha kujenga mwili na cha kulinda mwili.

Kwa hiyo tia katika uji karanga zilizokaangwa na kusagwa laini. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima, zinaweza kumkaba. Au tia dagaa waliokauka, wakatwangwa na kuchekechwa. Au tia maziwa yaliyochemshwa, au yai. Kijiko cha mafuta huongeza nguvu bila kujaza tumbo. Wakati mwingine mpondee maharage yaliyoiva na viazi. Mpe mboga za majani, papai au embe.

Mimi mwenyewe nimekulia ugali mweusi wa ulezi kwa maharage na dagaa. Hata sasa nikirudi nyumbani sitamani kingine. Nasikitika ninapowasikia vijana wa umri wangu wakisema kwamba ulezi ni chakula cha wazee, na kwamba unga mweupe ndio wa heshima. Mahindi yaliyokobolewa yamekwisha poteza sehemu kubwa ya virutubisho vyake mashineni. Weupe hauongezi uzito wa mtoto.

Maziwa ya mama yabaki. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo aanze chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Mtoto wa miezi 6 mpaka 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 alishwe mara 3 au 4. Katikati apewe asusa kama ndizi au parachichi.

Wanayosema watu

Wapo wanaosema, "Kimea ni pombe. Mtoto atalewa." Hapana. Kimea ni nafaka iliyoota na kukaushwa. Ulevi hutokana na kuchacha kwa muda. Uji uliopikwa sasa na kunywewa sasa haulevyi. Hata nyumba zisizotumia pombe kabisa zinaweza kuutumia.

Wapo wanaosema, "Tunauza pombe ili tupate fedha. Ukitupunguzia kimea, umetupunguzia sabuni na daftari." Hoja hii naiheshimu. Najua akina mama wengi hawana fedha nyingine iliyo mikononi mwao. Sisemi leo kwamba pombe isipikwe. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Debe moja la lita 20 hujaa vikombe 80 vya robo lita. Mtoto anayekula uji mara 3 kwa siku anatumia vijiko 3 vya chai vya kimea. Kwa mwezi mzima, vikombe 3 vya ulezi vinamtosha. Toa vikombe 3 katika 80. Vinabaki 77. Je, mnywaji ataona tofauti? Hataona. Mtoto ataona.

Wapo wazee wanaoniuliza, "Wewe kijana, umelea watoto wangapi?" Swali ni la haki. Sijafika miaka 30, na nina cheti tu. Lakini ubao wa kupimia urefu haujali umri wa mganga. Na jambo ninalolishauri si langu. Ni la bibi zetu. Ninaomba tu lihamie kwenye sufuria ya mtoto.

Wapo pia akina mama wanaosema, "Kazi ni nyingi." Hili ndilo jibu gumu kuliko yote, kwa kuwa ni kweli. Mama analima, anachota maji, anatafuta kuni. Kumpikia mtoto uji wake mara 3 ni mzigo mwingine. Ndiyo maana nilimwomba baba asigeuze ukurasa.

Baba, hapa ndipo pako

Ndugu, unapotaka pombe ya msaragambo, unanunua ulezi bila kuulizwa mara mbili. Nunua na wa mtoto. Chota maji. Leta kuni. Mama akiwa shambani, nawa mikono, umlishe mtoto wewe. Hakuna heshima ya mwanamume inayopotea kwa kushika kijiko. Unapouza mahindi, bakiza fedha ya karanga na dagaa. Na siku ya kliniki, njoo. Simama mbele ya ubao wa urefu pamoja na mwanao. Soma namba mwenyewe, maana sasa unajua kusoma.

Mwaka 1983 mkoani Iringa ulianza mpango wa lishe ambao watoto walipimwa uzito hukohuko vijijini, na wazazi na viongozi wakayajadili matokeo wenyewe. Idadi ya watoto wenye utapiamlo mkali ilipungua. Lakini takwimu za mwaka 2022 zinatuonyesha kwamba kazi ya namna hiyo haimalizwi na kizazi kimoja. Nasi tuifanye tena. Tusingoje mradi. Ulezi tunao, jua tunalo, jiwe la kusagia tunalo.

Haba na haba hujaza kibaba. Kijiko kimoja cha kimea ni haba. Mara tatu kwa siku, mwezi baada ya mwezi, ni urefu wa mtoto.

Kama mtoto wako amevimba miguu, amekonda sana, hataki kula, au anaharisha bila kukoma, usijaribu uji kwanza. Mlete zahanati siku hiyohiyo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mtoto anaweza kujaa tumbo na bado akawa na njaa?
2. Kwa nini kimea hutiwa wakati uji ni wa vuguvugu, kisha ukachemshwa tena?
3. Katika kijiji chenu, nani huamua ulezi utumikeje? Je, mtoto anakumbukwa?
4. Leo jioni tazama uji wa mtoto nyumbani kwako. Je, unatiririka au unadondoka? Mwambie mwenzako kesho.